Kila Sikio na Uongo Wake

Kannauj, 4 Novemba

Kwa mwanangu Nuzhat, bi wakili wa Delhi, mla tambi za hotelini,

Salamu nyingi. Ukiona karatasi imeliwa pembeni usidhani ni panya wa posta. Ni mbuzi wa Taukir, anajifunza kusoma.

Jana alikuja kijana wa wale Wauza Chupa, ile kampuni ya Gurugram iliyotaka kununua shamama yangu, manukato ya ukoo wetu, nikaikatalia. Alivaa viatu visivyojua vumbi. Akaniambia, "Zahir Miyan, jitayarishe kupumzika. Tunaiandikisha shamama ya kale serikalini. Tukipewa hataza, ni yetu." Nikamuuliza, "Na mimi nitakuwa nani?" Akasema, "Utatuomba ruhusa." Yaani chungu cha babu yangu, moto wangu, mizizi na viungo nilivyosaga mpaka vidole vikawa vya manjano, halafu nikiyakeneka manukato yangu mwenyewe mimi ndiye mwizi!

Kilichonikata maini si hicho. Akanitajia viungo vyangu kimoja kimoja, kwa mpangilio, kama anavisoma ukutani. Alikwama kwenye cha mwisho. Cha mwisho hana. Bado.

Nani kamwambia? Namshuku jirani yangu Bulaki, ambaye pua yake imeelekea kwangu tangu tukiwa vijana. Namshuku Taukir, mwanangu wa kumzaa, maana siku hizi ananiletea maembe bila kuombwa. Simu yao siishuku. Ile waliyoniletea mwaka jana, yenye waya wa kupimia joto la chungu, ipo rafuni haizimwi, lakini mimi si mjinga. Nimeifunika ushungi kama bibi harusi. Haioni kitu.

Njoo uwashtaki. Ukikataa nitatafuta wakili mwanamume mwenye tumbo.

Ami yako,
Zahiruddin

Delhi, 11 Novemba

Ami,

Tambi sili. Kesi naichukua.

Mambo ya kesi usiyazungumze kwenye simu, iwe yao, ya Taukir au ya kuazima. Andika kwa mkono, ipeleke posta mwenyewe, kwa rejista. Barua zako nitazifungia kwenye kabati la chuma, na ufunguo nitauvaa shingoni. Kazi yangu ni kugombania mali zisizoshikika: majina, nyimbo, dawa, na habari za watu zilizomezwa na simu zao. Katika kazi hiyo nimejifunza kumshuku kila mtu, na wa kwanza huwa ni mteja wangu. Mara nyingi aliyeibiwa ndiye aliyefungua mlango, wala hakumbuki.

Jingine. Ili niipinge hataza yao, lazima nijue shamama yako inaachana na za wengine wapi. Nataka kujua cha mwisho ni nini. Nilipokuwa mdogo, kila kilipofika hicho cha mwisho ulinishika sikio ukanitoa uani, ukaniambia, "Kahesabu kuku." Kuku nawajua vizuri, Ami. Hicho kingine ndicho nisichokijua.

Ukinificha sitaweza kukutetea.

Nuzhat

Kannauj, 19 Novemba

Nuzhat,

Unajua desturi yetu. Siri ya chungu haipewi binti, kwa sababu binti huondoka na masikio yake kwenda nyumba ya watu. Mke wa mwana hupewa, kwa sababu yeye ameletwa na masikio yake. Kaka yangu, baba yako, Mungu amrehemu, hakuwa na mtoto ila wewe, na hata hivyo aliondoka nayo kifuani. Naye alikupenda kuliko kilemba chake.

Sasa unaniomba nivunje kile ambacho yeye hakukivunja. Nimekaa hapa karakanani tangu asubuhi kalamu mkononi. Taukir kapita akaniuliza, "Abba, unagombana na nani?" Nikamwambia, naandika. Akacheka kama baba yake si mtu. Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani alitufundisha hivyo, kwamba neno lipite mdomoni ndipo kalamu ilipate. Sikukaa chuoni sana, lakini hilo nililishika.

Haya. Kwa ajili ya kesi. Cha mwisho ni mzizi wa yungiyungi. Ukaushwe kivulini, usagwe, utiwe chungu kinapoanza kulia. Umesikia? Mzizi wa yungiyungi. Ukimaliza kusoma, imeze barua hii.

Ami yako

Delhi, 20 Desemba

Ami,

Wameshawasilisha maombi yao ya hataza. Nimepata nakala.

Karibu na mwisho wameandika hivi: "Kiungo cha mwisho ni mzizi wa yungiyungi uliokaushwa kivulini, husagwa na kutiwa chungu kinapoanza kulia." Hata hiyo kulia wameiandika! Mhandisi gani wa Gurugram anajua kwamba chungu hulia?

Mwezi jana hawakuwa nacho. Umemwambia nani mwingine? Nijibu upesi, na tafadhali leo usinitanie.

Nuzhat

Kannauj, 27 Desemba

Kwa Wakili Nuzhat Parvin,
Delhi.

Mheshimiwa,

Utani umekwisha, kama ulivyoagiza.

Sisi wakenekaji wa zamani, anayetuuliza siri hatumnyimi. Kumnyima mtu ni ugomvi, na mji wetu ni mdogo. Tunampa. Ila kila sikio hupewa uongo wake, wa peke yake, ili siku uongo huo ukionekana barabarani tujue umetoka nyumba gani. Mwanangu Taukir anajua cha mwisho ni ganda la komamanga. Bulaki nilimwambia ni pembe ya swala iliyochomwa, akahangaika nayo majira mazima ya baridi mpaka mkewe akahamia kwa mama yake. Wauza Chupa wenyewe walipouliza niliwaambia ni subira.

Wewe nilikupa yungiyungi. Halikupewa mtu mwingine chini ya jua. Wala halijawahi kuingia chunguni mwangu, maana likiingia linanuka bwawa.

Basi uongo wako umetembea kutoka Delhi mpaka kwa Wauza Chupa, na miguu uliyotembelea ni yako. Walikupa nini, mwana wa kaka yangu? Nilikusuka nywele kwa mikono hii yenye harufu ya karafuu, watoto wenzako wakakuita Pilau. Leo umenipika.

Rudisha barua zangu. Nakwenda kumtafuta yule mwenye tumbo.

Zahiruddin

Delhi, 3 Januari

Ami,

Barua sirudishi. Sasa ni ushahidi.

Kumbe ulinidanganya! Mimi wakili wako ningesimama mbele ya jaji, nimwambie siri ya ukoo wetu ni mzizi wa bwawani, kisha nivuliwe joho kwa ajili yako. Nililia. Halafu nikaanza kukushuku na wewe. Huenda wewe mwenyewe ndiye uliyewauzia, ukanitupia mimi lawama. Mzee anayemlisha mwanawe wa kumzaa maganda ya komamanga, atashindwa nini?

Lakini kabati langu halijaguswa, na bahasha yako ilinifikia lakiri nzima. Kwa hiyo neno lilitoka kabla ya posta. Nijibu kama shahidi, bila hadithi. Uliandikia wapi? Nani alikuwepo? Simu yao ilikuwa wapi?

Nuzhat

Kannauj, 12 Januari

Shahidi anajibu.

Niliandikia pale ninapoandikia siku zote, karakanani, ubavuni mwa chungu, maana baridi hii haina adabu kwa magoti ya wazee. Alikuwepo mbuzi. Taukir alipita akacheka, nilikwambia. Lakini yeye anasoma Kihindi tu, Kiurdu changu kwake ni mikwaruzo ya kuku. Simu ilikuwa rafuni juu ya kichwa changu, na ushungi wake. Nimekwenda kuukagua ushungi. Haujatoboka.

Basi ni posta. Au ni wewe. Bado nasema ni wewe, ila sasa nasema kwa sauti ya chini.

Zahiruddin

Delhi, 2 Machi

Ami,

Kaa kwanza.

Ipo sheria inayosema anayekusanya habari zako lazima akuonyeshe alichonacho ukimdai. Niliwadai. Wakajibu kwamba wanacho kipimo cha joto tu. Jaji akawaamuru walete kila kitu, nao wakaleta.

Joto la chungu limo. Na sauti zimo.

Nimeisikiliza karakana yako mpaka nikahisi moshi machoni. Unamtukana mbuzi kwa majina ya wakwe zako. Unaimba vibaya. Unapopima viungo unavitaja kimoja kimoja, kama unawaita watoto kula, na hivyo ndivyo yule kijana wa viatu alivyovijua. Kisha ikaja tarehe 19 Novemba. Sauti yako, polepole, kama mtoto wa chuoni: "Ha-ya. Kwa a-ji-li ya ke-si." Ukakohoa. "Cha mwi-sho ni m-zi-zi wa yu-ngi-yu-ngi." Halafu kwa ukali, "Umesikia?"

Walisikia, Ami. Wewe huwezi kuandika mpaka useme. Ulifunika jicho ukaacha sikio.

Walipokuletea simu ukabonyeza dole gumba kukubali, ulikubali wapime joto la chungu. Hukukubali wasikilize nyumba yako. Mtu akikaribishwa sebuleni hajapewa chumba cha kulala. Hapo ndipo nitakapowabana.

Simu hiyo usiivunje, usiichome, usiitupe mtoni. Wataalamu wa mahakama watakuja kuichukua. Na ile "miguu uliyotembelea ni yako" sijaisahau.

Nuzhat

Kannauj, 9 Machi

Mwanangu,

Nakutumia kopo la gatta, zile tamtamu ulizokuwa ukiziiba ukamsingizia Taukir. Usije ukadhani ni kuomba radhi. Ni gatta.

Simu sijaivunja. Nimeivua ushungi, nimeiketisha mbele yangu, na kila asubuhi naipa habari za mji. Jumatatu niliiambia siri ya kweli ni kwato za punda wa Bulaki, yule mweupe, si wa kijivu. Jana Taukir anaapa amemwona kijana wa viatu safi akimpiga picha punda. Ni huyo mweupe.

Usinikemee, najua utanikemea. Nitanyamaza.

Ila kuna jambo linanisumbua. Baada ya barua yako nilijaribu kuandika bila kusema. Kalamu iligoma kabisa, kama nyati wa maziwa kwenye daraja. Hii nimekuja kuiandikia zizini. Wanaonisikia ni nyati wetu wawili wa maziwa, nao nimewatazama sana usoni kabla ya kuanza.

Ami yako

Kannauj, 21 Aprili

Bi wakili,

Tangu nirudi kutoka Delhi bado nacheka peke yangu, watu wanadhani nimeoa. Nilipokuona umevaa joho jeusi nilitaka kusimama nikakufunge vifungo. Ukaniita "shahidi" mbele za watu, nikasema moyoni, haya, Pilau amekua.

Wazo lile la kukeneka maandishi yao neno kwa neno, Mungu akusamehe. Mtaalamu wao ameshika chupa, wewe unamwambia kwa upole, "Hii ndiyo hataza mnayoiomba. Tafadhali nusa." Kanusa, macho yakamtoka. Akasema, "Ina... ina kina." Jaji mama akasema, "Ilete hapa." Akanusa. Akamwambia karani, "Fungua dirisha." Kisha akamuuliza mtaalamu, "Mliwahi kuipika hii hata siku moja?" Nikamhurumia yule bwana, wallahi, alivyotazama viatu vyake.

Lakini wakili wao si mjinga. Alinigeukia akitabasamu.

"Mzee, ulimdanganya mwanao?"

"Ndiyo, bwana."

"Na jirani?"

"Huyo kwa furaha."

"Na wakili wako mwenyewe?"

"Yeye zaidi."

"Basi mahakama ikuamini kwa nini kwamba yungiyungi si siri yako ya kweli? Huenda unaidanganya na mahakama."

Nikamwambia, "Bwana, wale sikuwaapia." Watu wakacheka. Jaji hakucheka, nami nikaona hapo nimeteleza.

Sasa anataka siri ya kweli kwenye bahasha iliyofungwa lakiri, aifungue peke yake, na wewe uapishwe kwamba umeiona kwa macho yako na ndiyo. La sivyo pingamizi letu linaanguka, na Wauza Chupa wanakwenda na shamama yangu, bwawa na yote.

Sikiliza. Nitaandika mwenyewe, nitafunga mwenyewe, wewe utie saini nje ya bahasha. Cha ndani usiulize.

Ami yako

Delhi, 28 Aprili

Ami,

Siwezi kuapia kitu nisichokijua. Hata kwa ajili yako. Na sema ukweli, ungekuwa wewe ni mimi, ungetia saini kwenye bahasha ya Zahiruddin bila kuona ndani?

Kama hutaki nijue mimi, mpe Taukir ukweli, aje yeye aape. Nitampokea vizuri na sitakasirika. Kuku nimeshawazoea.

Lakini chagua. Jaji anaisubiri bahasha, na wao wanasubiri tuchelewe.

Nuzhat

Kannauj, 6 Mei

Nuzhat,

Kinywa changu kimejaa tambuu, mashavu yote mawili, mpaka chozi linatoka. Nimejiziba kusudi. Hakuna neno linaloweza kupita hapa. Ni mara ya kwanza tangu nizaliwe naandika kimya, na mkono unatembea kama kipofu kwenye nyumba ya watu.

Nilimwita Taukir. Nikamwambia, mwanangu, komamanga ni uongo. Nikamuuliza, "Miaka yote hii hukuwahi kujaribu?" Akasema, "Kwa nini nijaribu, Abba? Si ulisema wewe?" Mtoto mwema. Nilimpapasa kichwa, nikaingia ndani nikakaa muda mrefu na huzuni yangu.

Baba yako angekuwa hai ningemuuliza kwanza. Kwa kuwa hayupo, nitagombana naye huko mbele.

Njoo. Vaa nguo za pamba. Simu iache Delhi. Kuku safari hii watajihesabu wenyewe.

Zahiruddin

Delhi, 17 Julai

Ami,

Habari njema zimekwisha kukufikia, najua, maana Taukir amenipigia akilia. Jaji alifungua bahasha akaisoma, akaifunga tena kwa lakiri yake. Wiki iliyofuata wakaondoa maombi yao. Wameamriwa wafute kila sauti waliyoichukua karakanani mwako na kwa wakenekaji wengine. Ndiyo, Ami, walikuwa wamewapa simu wengi. Bulaki pia anayo. Mwambie aivue ile soksi aliyoivalisha, haisaidii.

Sasa nina jambo langu.

Unadhani niliapa mara tu niliporudi kutoka kwako. Sikuapa. Mbele ya chungu chako, umenishika mkono, unanionyesha kile cha mwisho kinavyoingia, nilikuwa najiuliza kama huo nao ni uongo wangu mpya. Nilikutazama usoni nisione kitu. Una uso wa mlango.

Kwa hiyo nilinunua chungu kidogo cha shaba, nikaazima ua wa rafiki yangu, nikapika mara mbili. Mara ya kwanza bila cha mwisho. Ilikuwa nzuri, kama manukato ya dukani. Mara ya pili nacho. Nilipofungua chupa, ilikuwa shali ya baba. Ile ya kijivu aliyokuwa akinifunika nayo kibarazani wakati wa baridi, nami nikijifanya nimelala ili asiiondoe. Sikuwa nimeinusa harufu hiyo tangu azikwe. Nilikaa chini, rafiki yangu akadhani nimeungua.

Ndipo nikaenda kuapa.

Sikukuamini, Ami. Ulinipa kile ambacho baba yangu hakunipa, nami nikaenda kukupima kama mwizi. Nisamehe.

Nuzhat

Kannauj, 25 Julai

Mwanangu Nuzhat,

Barua hii naisema kwa sauti kubwa, karakanani, na anayesikia asikie.

Bulaki alikuja jana na kikapu cha maembe. Akasema, "Zahir bhai, kesi imekwisha, sisi sote ni wazee, sasa niambie." Nikamsogeza karibu nikamnong'oneza. Tangu alfajiri ya leo moshi umetanda uani kwake, na mkewe nimemwona akipita na sanduku.

Shali ya baba yako ninayo. Nakutumia kwa mkono wa Taukir. Imeponea chupuchupu kuliwa na mbuzi wake.

Ama hilo la kusamehe, acha ujinga. Siku zote hizi nilikuwa nahesabu kuku mimi, nikingojea kujua umefanya nini kwanza, umeapa au umepika. Ungeapa bila kupika, ningejua nimekosea sikio.

Ami yako,
Zahiruddin